Wageni kwenye gati zetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uendeshaji wa bandari na usalama wa nchi

Maswali haya ni yale yanayorudiwa tangu mjadala wa DP World, kampuni ya Dubai inayoendesha bandari, ulipowaka Tanzania mwaka 2023, na yanarudi kila nchi ya pwani inapotaka kukabidhi gati zake kwa kampuni ya nje. Mfano mkuu ni Dar es Salaam. Kila jibu linajitegemea, na jambo linapogusa swali jingine, namba imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Kwani bandari ya Dar es Salaam imeuzwa?

Haijauzwa. Ardhi, gati zenyewe na njia ya kuingilia meli vimebaki mali ya umma chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA). Kilichotolewa ni haki ya kuendesha baadhi ya gati kwa muda maalumu: kupakua na kupakia meli, kupanga mizigo yadini, kuleta mitambo na kutoza malipo ya huduma hizo. TPA ni mwenye nyumba, kampuni ni mpangaji, na ndivyo zinavyoendeshwa bandari nyingi kubwa duniani.

Ila anayejibu "haijauzwa" akanyamaza hapo amejibu nusu. Mpangaji wa miaka 30 mwenye mkataba mgumu kuvunjika anaweza kukubana kuliko hata mnunuzi. Kinachopaswa kubishaniwa ni masharti (maswali ya 11 hadi 15), na humo ndimo mjadala wa 2023 ulipochelewa kufika.

2. Nani anaendesha gati zipi?

Gati namba 4 hadi 7 ziko kwa DP World ya Dubai, kwa mkataba wa miaka 30 uliosainiwa Ikulu ya Chamwino, Dodoma, tarehe 22 Oktoba 2023. Kazi yenyewe ilianza Aprili 2024. Gati 0 hadi 3 ni za matumizi ya pamoja, serikali ikibaki na nafasi yake (swali la 7).

Gati 8 hadi 11 zina historia yake. Ziliendeshwa na kampuni ya kontena ya TICTS tangu mwaka 2000 hadi mkataba ulipokwisha tarehe 31 Desemba 2022. TPA ikazishika yenyewe kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha mwaka 2024 zikakabidhiwa, nazo kwa miaka 30, kwa TEAGTL, ubia wa Adani Ports ya India, AD Ports ya Abu Dhabi na East Harbour Terminals. Kwa hesabu za Adani wenyewe, mwaka 2023 zilipita hapo kontena takriban 820,000 kwa kipimo cha futi 20, sawa na asilimia 83 ya kontena zote za nchi.

Kelele zote zilielekezwa gati 4 hadi 7. Mkataba wa sehemu inayobeba kontena nyingi zaidi ukapita watu wakiwa wamekwisha kuchoka.

3. IGA, HGA na mkataba wa uendeshaji ni kitu kimoja?

Hapana, ni ngazi tatu. IGA ni makubaliano kati ya serikali na serikali: ile iliyosainiwa na Tanzania na Dubai tarehe 25 Oktoba 2022 na kuridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni 2023, kwa mujibu wa Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba. Inaweka mwavuli tu, haitaji kodi ya pango wala idadi ya kreni.

HGA ni mkataba kati ya serikali mwenyeji na kampuni. Chini yake ndipo unapokuja mkataba wa upangishaji na uendeshaji kati ya TPA na kampuni, wenye namba za gati, miaka, viwango vya utendaji na malipo. Mtu akikwambia "mkataba unasema hivi", muulize kwanza ni upi. Nusu ya ugomvi wa 2023 ilitokana na upande mmoja kusoma IGA na upande mwingine kujibu kwa mambo ambayo yangekuja kuandikwa kwenye HGA, ambayo wakati huo haikuwepo.

4. Gati tumeziongeza kina wenyewe. Kwa nini TPA isiendeshe?

Ni kweli kwamba mradi wa kuboresha gati 1 hadi 7 na kuchimba kina hadi mita 14.5 ulifanywa na serikali, sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 345. Kina kinaruhusu meli kubwa kuingia, lakini hakiipakui. Kupakua kunataka kreni za gatini, mashine za yadini, mfumo wa kompyuta unaopanga kila kontena, na vipuri vinavyofika kabla mashine haijalala wiki mbili ikisubiri zabuni.

Mengi ya hayo shirika la umma linaweza kuyafanya likiachiwa fedha zake na uhuru wa kununua. Mamlaka ya Bandari Kenya (KPA) inapakua kontena Mombasa yenyewe hadi leo, na kila inapozungumzwa habari ya kubinafsisha, chama cha wafanyakazi wa bandari husimama mlangoni. Kusema Mwafrika hawezi ni uvivu wa hoja. Hoja ya haki ni kwamba TPA imekuwa mamlaka, mwendeshaji na mtekelezaji wa maagizo ya wanasiasa kwa wakati mmoja, na kofia hizo tatu hazikai vizuri kichwani pamoja.

## Usalama: kinachoogopwa na kinachopaswa kuogopwa

5. Mwendeshaji wa kigeni anaona nini hasa?

Anaona mengi. Anapokea ramani ya mpangilio wa shehena melini kabla meli haijafunga. Anajua uzito wa kila kontena, zipi zina mizigo ya hatari, ipi inahitaji umeme, lori gani limeichukua, saa ngapi na kwa namba gani ya usajili. Ana kamera kila kona ya yadi.

Taarifa hizo zikikusanywa miaka mingi huchora picha: nchi inaagiza vipuri gani vya kijeshi na kwa msimu upi, akiba ya ngano ikoje, nani ananunua kemikali gani. Hatari ya upelelezi bandarini iko kwenye kumbukumbu hizi zaidi kuliko kwa mgeni mwenye darubini. Dawa yake iko swali la 8.

Asichofanya ni kuamua meli gani iingie nchini, nani apewe viza, kontena ipi ikaguliwe au isamehewe. Hayo ni ya dola.

6. Basi nani anaruhusu kontena kutoka getini?

Mfuatano wa kawaida ni huu. Wakala wa meli anawasilisha orodha ya shehena kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla meli haijafika. Wakala wa forodha anaweka tamko la mzigo, mfumo unalipima kwa hatari na kulipeleka njia ya kijani, ya njano (nyaraka zikaguliwe) au nyekundu (mzigo wenyewe ukaguliwe, mara nyingi kwa skana kwanza). Taasisi nyingine huingia kulingana na mzigo: TBS kwa ubora, TMDA kwa dawa na vifaa tiba, Tume ya Nguvu za Atomu kwa mionzi. Kodi ikilipwa, TRA inatoa ruhusa ya kuachia. Mwendeshaji anadai tozo zake na kutoa hati ya getini, lakini bila ruhusa ya TRA hati hiyo haitoki.

Kinachoharibika mara nyingi ni pale mfumo wa forodha na wa mwendeshaji visiposomana, mtu akaanza kuingiza ruhusa kwa mkono. Hapo ndipo penye mwanya. Mkataba uwe na sharti kwamba geti lifunguke kwa ujumbe wa moja kwa moja kutoka TRA, na kila ruhusa iliyoingizwa kwa mkono iache jina la aliyeiingiza.

7. Meli za kijeshi na shehena za silaha zitapita wapi?

Wakati wa kusaini Oktoba 2023, TPA ilieleza kuwa gati 0 hadi 3 zimeachwa kwa matumizi ya pamoja ili serikali iweze kuhudumia meli za kijeshi na shughuli zake nyingine. Zaidi ya hapo, sheria iliyounda Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC) mwaka 2017 inalipa shirika hilo peke yake kazi ya kuondosha bandarini shehena nyeti, zikiwemo silaha, vilipuzi, wanyama hai na nyara za serikali.

Maneno "matumizi ya pamoja" yanahitaji mkia. Ilani inatolewa saa ngapi kabla? Kamera za mwendeshaji zinazimwa, au picha zake zinabaki kwa nani? Mwendeshaji akidai hasara kwa kucheleweshewa meli ya biashara, nani analipa? Haya huandikwa kwenye kanuni za uendeshaji zinazoambatanishwa na mkataba, na yasipoandikwa yataamuliwa siku ya shida na afisa wa zamu.

Mafuta pia hayamo kwenye mikataba hii. Gati la mafuta Kurasini (KOJ) na boya la kupakulia Mjimwema (SPM) vimebaki TPA. Kwa nchi inayoagiza petroli na dizeli yake yote, hicho pengine ndicho kipande nyeti kuliko gati zote za kontena.

8. Taarifa za mizigo zinahifadhiwa wapi, na nani mwenyewe?

Kampuni kubwa za bandari huendesha mifumo yao kwa pamoja duniani kote, kwa hiyo bila sharti la mkataba taarifa za Dar es Salaam zinaweza kukaa kwenye seva za nchi nyingine, chini ya sheria za huko. Sharti linalofaa lina sehemu nne: taarifa ni mali ya mamlaka ya bandari, nakala kamili na ya sasa ikae ndani ya nchi, mwendeshaji asizipeleke kwa mtu wa tatu bila kibali, na mkataba ukiisha akabidhi kumbukumbu zote katika muundo unaosomeka na mfumo mwingine. Sehemu hii ya mwisho husahaulika kuliko zote. Bila hiyo, siku ya kukabidhiana gati mnaanza kuhesabu kontena yadini kwa miguu.

9. Vipi kuhusu udukuzi na kreni za Kichina?

Udukuzi ni hatari ya kweli, na uraia wa mwendeshaji hausaidii sana. Juni 2017 virusi vya NotPetya vilivamia mifumo ya Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, na kusimamisha gati zake katika bandari kadhaa. Novemba 2023 DP World Australia iligundua uvamizi ikakata intaneti: kwa siku tatu kontena takriban 30,000 zilibaki yadini Sydney, Melbourne, Brisbane na Fremantle. Meli ziliendelea kupakuliwa, ila malori hayakuweza kuingia wala kutoka.

Kreni za ZPMC ya Uchina zimeenea dunia nzima, na Februari 2024 serikali ya Marekani ilitoa agizo la kuimarisha ulinzi wa mitandao ya bandari likiwalenga pia watengenezaji hao. Kwa bandari yetu hatua za maana ni za kiufundi na hazina mbwembwe. Modemu ya mtengenezaji iliyo ndani ya kreni iwe imezimwa, ifunguliwe kwa kibali tu wakati wa matengenezo. Mtandao wa kreni utenganishwe na wa ofisi. Na kila mwaka lifanyike zoezi la kuendesha geti kwa karatasi kwa saa 24. Bandari ambayo haijawahi kufanya zoezi hilo haijui ni nani mwenye kitabu cha risiti.

10. Mgeni akiingia, magendo na dawa za kulevya hazitaongezeka?

Magendo hutegemea mtu wa ndani, si pasipoti ya mwenye kampuni. Novemba 2015 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifichua kontena 349 zilizopita bila kulipa kodi, hasara ikitajwa kuwa Sh80 bilioni. Hakuna jeshi la kigeni lililohusika, ni nyaraka na saini za nyumbani. Kule Antwerp, Ubelgiji, wafanya magendo waliingilia kompyuta za gati kati ya 2011 na 2013 ili wajue kontena yenye dawa iko wapi na waichukue kabla ya mwenyewe.

Tangu Julai 2004 kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari (ISPS) zinalazimisha kila gati linalohudumia meli za kimataifa kuwa na afisa usalama, mpango ulioidhinishwa na serikali, na ngazi tatu za tahadhari. Ngazi inapangwa na dola. Serikali ikitangaza ngazi ya tatu, mwendeshaji anafuata maagizo, awe wa Dubai au wa Kariakoo. Ulizia kama mpango wa gati unapitiwa upya mwendeshaji anapobadilika, maana wa zamani unataja watu na mageti ambayo hayapo tena.

## Mkataba wenyewe

11. Ni kweli IGA haina ukomo na haivunjiki?

Kwa maandishi, ndiyo. Kifungu cha 23 kinaiacha IGA hai mpaka shughuli zote za mradi zikome au mikataba iliyo chini yake iishe. Kifungu kidogo cha 4 kinasema nchi hizi mbili hazina haki ya kujitoa, kusitisha wala kuvunja makubaliano kwa hali yoyote, hata pakitokea ukiukwaji mkubwa, mazingira kubadilika kabisa au uhusiano wa kibalozi kukatika.

Serikali ilijibu kwamba ukomo ungewekwa kwenye mikataba ya utekelezaji, na kweli ile ya Oktoba 2023 ikaja na miaka 30. Jibu hilo linatosha kwa suala la muda, halitoshi kwa suala la kujitoa. Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria ya mikataba unaziruhusu nchi kujitoa kwa baadhi ya sababu hizo hizo ambazo kifungu cha 23(4) kinazifuta. Kukubali kuzifuta ni kutoa kitu kikubwa, na umma haukuwahi kuelezwa nini kilipokewa badala yake.

12. Miaka 30 si mingi mno?

Kwa gati za kontena ni muda wa kawaida, kwa sababu kreni na yadi hurudisha fedha polepole. DP World ilitangaza kuwekeza zaidi ya dola milioni 250 katika miaka mitano ya mwanzo. Hoja ni kama ndani ya miaka hiyo kuna vituo vya kupima. Mkataba wa gati 4 hadi 7 ulielezwa kuwa na tathmini ya utendaji kila miaka mitano. Tathmini bila adhabu iliyoandikwa ni mkutano wa chai. Kipimo kiwe namba: kontena kwa kreni kwa saa, siku za meli kusubiri nangani, muda wa lori toka geti hadi geti. Kisha kiandikwe kinachotokea namba isipofikiwa mara ya pili mfululizo.

Jihadhari na nyongeza za kimyakimya pia. Mkataba wa TICTS ulianza kwa miaka 10, na mwaka 2005 ukarefushwa hadi 25 kabla hata ya ile kumi kwisha. Bunge lililalamika baadaye, saini ikiwa imekwisha kukauka. Ulikuja kujadiliwa upya na kufupishwa, ndiyo maana ukaisha 2022.

13. Mwendeshaji akiuza hisa zake kwa nchi tusiyoitaka?

Kwa usalama wa nchi hili ni swali zito kuliko la nani anaingia leo, na ajabu ni kwamba huulizwa mara chache.

Angalia TICTS. Aliyeshinda zabuni ya mwaka 2000 ni muungano ulioongozwa na ICTSI ya Ufilipino. Mwaka uliofuata biashara hiyo ya ICTSI ikanunuliwa na Hutchison ya Hong Kong. Mwaka 2024 asilimia 95 ya hisa za TICTS zikanunuliwa kwa dola milioni 39.5 na ubia ulio nyuma ya TEAGTL. Kampuni moja, gati zile zile, wenyewe watatu. Machi 2025 Hutchison hao hao walitangaza mpango wa kuuza bandari 43 katika nchi 23, pamoja na zile za Panama, kwa kundi la BlackRock ya Marekani na kampuni ya meli ya MSC. Beijing na Washington zikaanza kuvutana, na nchi nyingi zenye bandari hizo zikabaki kusoma magazetini.

Kifungu kinachohitajika kinagusa umiliki wa moja kwa moja na wa nyuma ya pazia: kampuni mama ya Dubai, London au Singapore ikibadili mikono, kibali cha TPA kinahitajika, na kikinyimwa au kisipoombwa mkataba unavunjika bila fidia. Kifungu kinachosema tu "mwendeshaji hatahamisha hisa" hakitoshi, kwa sababu hisa za kampuni ya hapa hazisogei. Zinazosogea ni za juu yake.

14. Na tukiuvunja mkataba kwa nguvu?

Djibouti ilijaribu. Mwaka 2006 iliipa DP World kituo cha kontena cha Doraleh kwa miaka 30, serikali ikiwa na theluthi mbili ya hisa. Novemba 2017 ilitunga sheria ya kuiruhusu kujadili upya mikataba ya miundombinu nyeti, na tarehe 22 Februari 2018 ikakitwaa kituo. Kituo kinafanya kazi mpaka leo mikononi mwa Djibouti. Kwa maana hiyo mamlaka ya nchi hayakushindwa. Lakini mahakama ya usuluhishi ya London ilitoa tuzo kadhaa upande wa DP World, mojawapo ya mwaka 2019 ikiwa dola milioni 385 pamoja na riba, na kesi zikaendelea miaka.

Tanzania yenyewe inajua bei. Kwa leseni moja ya madini ya nikeli iliyofutwa, wasuluhishi wa ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji, waliipa Indiana Resources ya Australia zaidi ya dola milioni 109 Julai 2023, na mwaka uliofuata pande zikapatana kwa milioni 90. Kwa hiyo dola inaweza kutwaa gati asubuhi yoyote. Kifungu kizuri cha kujitoa kwa sababu za usalama hakiongezi uwezo huo, kinapunguza ankara.

15. Kwa nini kesi isikilizwe nje?

IGA inapeleka mgogoro kwa usuluhishi wenye makao Johannesburg, Afrika Kusini. Wapingaji walisema hilo linapingana na sheria ya 2017 ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili, inayotaka migogoro isikilizwe na vyombo vya ndani. Watetezi wakasema bandari si maliasili kama dhahabu. Kwa upande wa usalama suala la mji ni dogo kuliko linavyoonekana. Kubwa ni kutenganisha: migogoro ya fedha iende kwa wasuluhishi, lakini amri ya usalama itekelezwe kwanza, fidia ibishaniwe baadaye. Bila mstari huo, mwendeshaji anaweza kuomba zuio kabla amri haijatekelezwa.

16. Mahakama ilisemaje, na kuhoji ni kosa?

Mahakama Kuu Mbeya, mbele ya majaji watatu, iliitupa kesi ya kupinga IGA tarehe 10 Agosti 2023. Siku chache baadaye wakosoaji wa mkataba, Dk. Wilbrod Slaa, wakili Boniface Mwabukusi na Mdude Nyagali walikamatwa huku polisi wakitaja uhaini, kisha wakaachiwa kwa dhamana ya polisi. Mwezi huo huo Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) lilitoa tamko la kuupinga mkataba.

Kuhoji si kosa. Ibara ya 18 ya Katiba inalinda maoni, na Ibara ya 27 inamtwisha kila raia wajibu wa kulinda mali ya umma. Kwa mtazamo wa usalama hasa, kumtia ndani anayesoma vifungu hadharani ni hasara: makosa ya kifungu cha 23(4) yalionwa na watu wa nje ya serikali.

## Wengine walifanyaje

17. Si hata Marekani iliikataa DP World?

Ndiyo, ila kisa hicho husimuliwa nusu. Mwaka 2006 DP World iliinunua P&O ya Uingereza kwa dola bilioni 6.8, na pamoja nayo gati za New York na New Jersey, Philadelphia, Baltimore, Miami na New Orleans. Kamati ya serikali inayochuja uwekezaji wa nje, CFIUS, iliidhinisha Januari. Februari Bunge likalipuka. Tarehe 8 Machi kamati ya matumizi ya Baraza la Wawakilishi ikapiga kura 62 kwa 2 kuzuia, ingawa Rais Bush alitishia kura ya turufu. Kesho yake DP World ikakubali kuziachia, na baadaye zikauzwa kwa AIG.

Gati hizo tayari zilikuwa za wageni, Waingereza, na ulinzi wa forodha na wa pwani haukuwa unahama. Sehemu ya hasira ilikuwa hofu ya Waarabu baada ya Septemba 11, na kuiga hilo Dar es Salaam, kama baadhi walivyofanya kwa maneno ya udini, ni kuokota kibaya na kuacha kizuri. Kizuri ni kilichofuata: sheria ya 2007 iliyoweka kwamba kampuni inayomilikiwa na dola ya kigeni ikinunua rasilimali nyeti, uchunguzi wa awali wa siku 30 ufuatwe na wa kina wa siku 45, isipokuwa wakuu wenyewe waseme hauhitajiki. Kwetu Tume ya Ushindani (FCC) huangalia ushindani sokoni. Hakuna chombo cha kisheria chenye kazi hiyo mahsusi ya kuchuja usalama.

18. Na Hambantota, si Uchina iliinyang'anya Sri Lanka?

Haikunyang'anya. Mwaka 2017 Sri Lanka, ikiwa imebanwa na madeni ya kila upande, iliikodisha bandari hiyo kwa China Merchants miaka 99 kwa dola bilioni 1.12. Tatizo lilikuwa kujadiliana ukiwa na njaa ya dola. Bagamoyo ingetupeleka njia hiyo: mradi wa mwaka 2013 na China Merchants na mfuko wa hifadhi wa Oman ulikwama baada ya Rais Magufuli kuyakataa hadharani masharti yake, yakiwemo ya miaka 99.

19. Ulaya inaruhusu?

Inaruhusu kwa kipimo. Ujerumani mwaka 2023 iliiruhusu COSCO ya Uchina kuingia gati la Tollerort, Hamburg, ila kwa hisa chini ya asilimia 25 badala ya 35, ili isiweze kuzuia maamuzi. Ugiriki iliipa COSCO hiyo hiyo wingi wa hisa za Piraeus. Nje ya Ulaya, Australia iliikodisha bandari ya Darwin miaka 99 mwaka 2015 kwa kampuni ya Kichina, na sasa serikali yake inahangaika kuirudisha.

## Maswali ya pembeni

20. Mkataba huu unagusa Zanzibar?

Gati zilizokabidhiwa ni za Bara. Bandari za Zanzibar ziko chini ya Shirika la Bandari Zanzibar, nako kwenyewe uendeshaji wa Malindi umepewa kampuni ya nje, AGL, tangu Septemba 2023. Bandari zimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, na hapo ndipo ubishi wa kikatiba unapoingia.

21. Dubai ni sehemu ya nchi. Ilikuwa na uwezo wa kusaini?

Katiba ya Falme za Kiarabu inaweka mambo ya nje mikononi mwa shirikisho, na Ibara ya 123 inaruhusu kila ufalme makubaliano madogo ya kiutawala na majirani. Tanzania si jirani wa Dubai. Mwandishi makini wa mkataba angeomba barua ya idhini ya shirikisho iambatanishwe.

22. Sisi wa Kongo, Zambia, Burundi na Rwanda inatuhusu nini?

Inawahusu sana, kwa sababu taarifa za swali la 5 ni zenu pia: shaba inayotoka na mitambo inayoingia. Hamna kiti kwenye mkataba. Mnachoweza ni kudai, kupitia makubaliano ya kupitisha mizigo, kwamba taarifa za mzigo wa nchi yenu zisitolewe kwa mtu wa tatu, na gati likifungwa kwa amri ya usalama, mizigo yenu ipangiwe gati jingine kwa utaratibu ulioandikwa. Wazambia na Wakongo wenye njia ya pili, Lobito, Beira au Walvis Bay, hujadiliana wakiwa na nguvu zaidi.

23. Nchi ya mwekezaji ikigombana na yetu?

Wakati wa vita au hali ya hatari serikali inaweza kushika gati kwa sheria za dharura, na wafanyakazi wengi ni raia. Ugumu ni siku ya kwanza: nani ana nywila za mfumo, nani anajua kuendesha mpango wa yadi, leseni ya programu inalipwa na nani. Ndiyo maana mkataba uwataje kwa cheo Watanzania wanaopaswa kushika nafasi hizo (mkuu wa zamu, msimamizi wa mfumo, afisa usalama wa gati), na nywila za juu ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa TPA, zibadilishwe kila robo mwaka mbele ya pande zote mbili.

24. Naweza kuusoma mkataba wa gati 4 hadi 7?

IGA ilipelekwa bungeni na nakala yake inasomeka. Mikataba ya Oktoba 2023 ilielezwa kwa hotuba na muhtasari. Unaweza kuomba kwa maandishi TPA chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Taja kifungu unachotaka, usiombe mkataba mzima. Ombi la "vifungu vya mabadiliko ya umiliki na vya kuvunja mkataba" ni gumu kukataliwa kwa kisingizio cha siri za biashara, kwa sababu bei haimo humo.